Mhasibu wako akianza kukata bima: anamtumikia nani?

Bima siku hizi haisubiri uifuate. Benki inauza, kampuni ya simu inauza, na ofisi ya mahesabu iliyozoea kukuandalia ritani za kodi nayo huenda kesho ikatundika kibao cha pili kando ya kile cha zamani: "Hapa tunakata bima." Mwenye duka hapa Zanzibar, awe Darajani au Chake Chake, akikiona kibao hicho hujiuliza mambo matatu kwa haraka. Ni halali? Pesa yangu nampa nani? Duka likiungua, atakayenilipa ni huyu mhasibu? Mwenye ofisi naye ana swali lake: mimi nimesajiliwa kama mhasibu miaka kumi, kwani hiyo haitoshi?

Haitoshi. Ila sababu yake si ile ambayo wengi wanaidhani, na jambo lenyewe lina faida kubwa kuliko kamisheni likifanywa vizuri.

Tuanze na maneno

Bima mara nyingi hulinganishwa na upatu, na hapo ndipo mkanganyiko wa kwanza unapoanzia. Katika upatu kila mmoja ana zamu yake, na usipokula mwezi huu utakula mwezi ujao. Bima haina zamu. Wengi wanachangia, anayechukua ni yule tu aliyepatwa na janga lililoandikwa kwenye mkataba, na ambaye hakupatwa na kitu hana cha kudai mwisho wa mwaka. Mchango wenyewe unaitwa ada ya bima. Karatasi inayosema nini kinalindwa na nini hakilindwi ni mkataba wa bima. Anacholipwa aliyepata hasara ni fidia, na neno hilo limechaguliwa kwa makusudi: fidia inakurudisha ulipokuwa kabla ya hasara, haikutajirishi.

Kati ya kampuni ya bima na mteja husimama watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wakala. Mfikirie wakala wa pesa za simu pale kwenye kibanda: pesa si zake, mtandao si wake, anafanya kazi kwa niaba ya kampuni aliyosaini nayo. Wakala wa bima ni hivyo hivyo. Anauza bidhaa za kampuni aliyoingia nayo mkataba, na akikosea, kampuni inaweza kujikuta inajibu.

Wa pili ni dalali wa bima. Kwetu neno dalali lina harufu ya mtu wa nyumba na viwanja anayekula pande zote mbili, na hilo si haki kwa dalali wa bima. Huyu anapaswa kumtumikia mnunuzi: anachukua mahitaji yako, anayapeleka kwa kampuni mbalimbali, analinganisha masharti na bei, kisha anakushauri. Kinachowachanganya watu ni kwamba naye hulipwa kamisheni na kampuni ya bima, ingawa mteja wake ni wewe.

Kwa hiyo ukikiona kibao kwenye ofisi ya mhasibu wako, swali la kwanza ni hili: hapa wewe ni wakala au dalali? Jibu ndilo linalokuambia anakaa upande gani wa meza.

Leseni inatoka wapi

Zanzibar ina vyombo vyake kwa mambo mengi. Kodi ya ongezeko la thamani unailipa ZRA, kampuni unaisajili BPRA, pensheni iko ZSSF. Ndiyo maana wengi wanadhani msimamizi wa bima hapa ni ZIC, Shirika la Bima la Zanzibar. Sivyo. ZIC, iliyoanzishwa 1969, ni kampuni ya bima ya Serikali: inauza bima na kulipa fidia kama kampuni nyengine sokoni. Msimamizi ni TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Bima Na. 10 ya 2009, na sheria hiyo inatumika Bara na Visiwani. TIRA ndiyo inayotoa leseni kwa kampuni, mawakala, madalali na wakadiria hasara.

Usajili wa uhasibu, uwe wa NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, au wa ZIAAT, yaani taasisi ya wahasibu, wakaguzi wa hesabu na washauri wa kodi wa Zanzibar, haubebi ruhusa ya kuuza bima. Ni kama leseni ya udereva na leseni ya unahodha: zote zinahusu kuwapeleka watu, lakini ya gari haikuruhusu kukamata usukani wa boti ya Mkoani.

Mkanganyiko mwengine ni wa mifuko. Michango ya ZSSF na ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar inapita mikononi mwa mhasibu kila mwezi kwa sababu anaandaa mishahara. Hilo halimfanyi awe mwuza bima. Ile ni michango ya kisheria, haina kamisheni, wala haina nafasi ya kuchagua kampuni.

Njia za kuingia, kutoka nyepesi hadi nzito

Iliyo nyepesi kabisa ni kumwelekeza mteja. Unampa jina la wakala au dalali mwenye leseni, wao wanamalizana. Ukikomea hapo hujauza bima. Ukianza kujaza fomu ya maombi, kueleza masharti ya mkataba, kupokea ada, na kulipwa kwa kila mteja uliyempeleka, umeshavuka mpaka. Kazi hiyo ina leseni yake, hata ukiiita "kusaidia tu".

Njia ya pili hutajwa mara chache, nayo kwa ofisi nyingi ndiyo bora ya kuanzia: kutoza ada ya kitaaluma kwa kazi ya mahesabu inayohusu bima. Kukadiria thamani ya mali ya kukatia bima, kukokotoa faida ya kukatiwa bima, kuandaa jalada la madai baada ya hasara. Huuzi mkataba wowote. Unauza hesabu, na hesabu ndiyo fani yako.

Ya tatu ni uwakala. Unahitaji mkataba na kampuni ya bima, leseni ya TIRA, na mtu ofisini mwenye mafunzo ya bima na cheti chake. Ya nne ni udalali, na hiyo ni biashara kamili: kampuni yake, mtaji wake, kiongozi aliyebobea katika bima, na bima ya dhima ya kitaaluma, ile inayomlipia mshauri pale ushauri wake mbovu unapomtia mtu hasara. Ofisi ya wahasibu watatu inayoanza na udalali imeanza na paa kabla ya msingi.

Ukiamua uwakala, fungua kampuni tofauti BPRA, na akaunti yake ya benki na vitabu vyake. Si urembo. Mteja akishitaki kwa sababu ya bima iliyokatwa vibaya, hutaki kesi hiyo iingie ndani ya ofisi yenye majalada ya kodi ya watu sitini. Na mkaguzi wa TIRA akija kukagua vitabu vya bima, hana sababu ya kupekua kabati la wateja wa uhasibu.

Mahali mhasibu anapomzidi kila mtu

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye nyama.

Wakala wa kawaida anamwuliza mwenye duka: "Mali yako ina thamani gani?" Mwenye duka anatazama juu, anakuna kidevu, anasema "weka milioni hamsini". Zinaandikwa hamsini. Hakuna aliyedanganya, lakini pia hakuna aliyepiga hesabu. Tuseme mali halisi ni ya milioni 80. Moto unatokea, unateketeza bidhaa za milioni 16. Mwenye duka anasema moyoni: nimekata ya hamsini, hasara ni kumi na sita, nitalipwa yote. Kampuni inamlipa milioni 10.

Hajadhulumiwa. Mikataba mingi ya bima ya moto ina sharti la wastani: ukikatia bima sehemu tu ya mali, unahesabiwa kuwa umejikatia mwenyewe sehemu iliyobaki. Hamsini kwa themanini, mara kumi na sita, ni kumi. Milioni 6 zilizobaki ni zako. Katika malalamiko ya bima yanayosikika kama ya haki na kumbe hayana haki, pengine haya ndiyo makubwa kuliko yote, na mhasibu anaweza kuyazuia kwa dakika kumi akiwa na hesabu ya stoo ya mwisho wa mwezi. Akitumia ya mwezi wenye stoo kubwa, vizuri zaidi: duka la nguo linalojaza mzigo kabla ya Idd halifai kukadiriwa kwa stoo ya mwezi uliopoa.

Lakini mhasibu naye ana mtego wake, nao unatokana na ujuzi wake mwenyewe. Anazifahamu thamani za kwenye vitabu. Friji kubwa ilinunuliwa kwa milioni 6, imepunguzwa uchakavu mwaka hadi mwaka, leo vitabuni ni milioni 1. Akiandika milioni 1 kwenye fomu ya bima ameharibu. Uchakavu wa vitabuni ni njia ya kugawa gharama kwa miaka, haukuambii ukienda dukani leo utatajiwa bei gani. Friji mpya leo huenda ni milioni 9. Kama mkataba unalipa kwa bei ya kitu kipya, andika 9. Kama unalipa thamani ya kitu kilichotumika, uliza soko la mitumba lilivyo. Milioni 1 haihusiki popote.

Nyumba za Mji Mkongwe ndizo zinazoonesha jambo hili wazi zaidi. Kwenye vitabu nyumba ya babu inaweza kuwa karibu na sifuri. Kuijenga upya ni kitu chengine kabisa: mawe ya matumbawe, chokaa, boriti, mafundi wanaojua kazi hiyo, na ruhusa ya mamlaka inayosimamia Mji Mkongwe, eneo lililomo katika urithi wa dunia tangu 2000. Thamani ya kukatia bima jengo ni gharama ya kulisimamisha tena, pamoja na kuondoa kifusi na kulipa wachoraji. Bei ya kiwanja haimo, maana ardhi haiungui.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, na wahasibu wazuri huuingia macho wazi. Kuna bima ya kukatika kwa biashara: inalipa faida unayoikosa wakati duka limefungwa kwa matengenezo baada ya moto. Fomu inauliza "faida ghafi". Mhasibu anatabasamu, anafungua taarifa ya mapato, anaandika tarakimu aliyoikuta. Neno ni moja, maana ni mbili.

Chukua kiwanda cha mikate. Mauzo ya mwaka ni milioni 300. Unga, sukari, hamira, mafuta na mifuko ni milioni 150. Mishahara ya waokaji ni milioni 60. Kwa mhasibu, mishahara ya waokaji ni gharama ya uzalishaji, kwa hiyo faida ghafi ni 300 kutoa 150 kutoa 60, yaani milioni 90. Kwa bima, faida ghafi ni mauzo kutoa zile gharama tu zinazokoma mauzo yakikoma. Tanuri likizimika huhitaji unga. Waokaji je? Ukiwafukuza, siku ya kufungua tena hutawapata, kwa hiyo utaendelea kuwalipa. Faida ghafi ya bima ni milioni 150. Ukiandika 90 umekata asilimia 60 tu, na likija lile sharti la wastani, hasara ya milioni 30 inalipwa milioni 18.

Pamoja na tarakimu hiyo kuna muda wa fidia: miezi mingapi kampuni itaendelea kulipa. Watu huandika mitatu. Hebu jumlisha muda wa kusafisha, kupata vibali, kujenga, kuagiza tanuri kutoka nje na kulisubiri bandarini, kisha wateja walioshazoea mikate ya jirani warudi. Kumi na miwili si mingi.

Hesabu mbili za duka moja

Hapa panataka ujasiri wa kusema. Kuna wenye biashara ambao kwa mtu wa kodi stoo yao ni ndogo, na kwa mtu wa bima stoo hiyo hiyo ni kubwa. Zikikaa kwa watu wawili tofauti, huenda miaka ikapita bila kukutana. Mhasibu mmoja akifanya kazi zote mbili, zinakutana mezani kwake, na anayesaini ni yeye.

Bima inasimama juu ya nia njema kabisa: mwombaji anatakiwa aseme kila jambo muhimu analolijua, hata asipoulizwa. Siku ya madai mkadiria hasara haangalii majivu peke yake. Anaomba ankara za manunuzi, taarifa za benki, ritani za kodi, risiti za kielektroniki. Ritani zikionesha manunuzi ya milioni 60 kwa mwaka mzima, hakuna namna stoo ya milioni 120 ikapatikana ndani ya jengo. Madai yanakataliwa, mamlaka ya mapato inaweza kuuliza yake, na mhasibu ana maswali ya kujibu pande zote.

Kanuni kwa ofisi ni fupi: tarakimu moja, chanzo kimoja. Mteja asiyekubali, usimkatie bima. Usimripoti kwa kampuni ya bima pia, kwa sababu siri zake za kihasibu bado ni amana. Unajitoa tu, kwa maandishi.

Siri hiyo inahusu na upande wa pili. Kumbukumbu za wateja wa uhasibu hazikukusanywa ili ziwe orodha ya kuuzia bima. Kabla hujampigia mteja kumwambia "nimeona umenunua gari", pata ridhaa yake iliyoandikwa kwamba taarifa zake zitumike kwa kazi hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakwenda upande huo huo na maadili ya uhasibu.

Kamisheni, na wale usiopaswa kuwauzia

Kanuni za kimataifa za maadili ya wahasibu hazisemi kwamba kamisheni ni haramu. Zinasema kamisheni inatishia uaminifu wa ushauri wako, basi ifichue mapema na mteja akubali. Karatasi moja inatosha: sisi ni mawakala wa kampuni fulani, tutalipwa kamisheni kiasi fulani, uko huru kununua kwengine, na kukataa hakutabadilisha huduma yako ya uhasibu. Isainiwe kabla ya fomu ya bima, isiwe baada yake.

Mteja unayemkagua hesabu ni habari nyengine. Ukimkadiria mali, ukamkatia bima, halafu mwisho wa mwaka ukaja kuthibitisha madai ya bima yaliyomo kwenye mizania yake, unajikagua mwenyewe. Rai ya makala hii ni kuwaacha kabisa wateja wa ukaguzi nje ya orodha ya bima, hata kama ndio wenye fedha. Na kampuni ya bima unayoiwakilisha, usiikague.

"Mshika mbili moja humponyoka," atasema mtu. Inawezekana. Ila daktari wa skuli anaweza kuwa na zahanati yake, mradi asiwaandikie wanafunzi dawa zinazopatikana kwake peke yake.

Pesa inapita wapi

Hili wateja walishike vizuri kuliko yote. Tanzania bima haikatwi kwa mkopo: ada hulipwa kwanza, ndipo ulinzi uanze. "Nimeshamwambia mhasibu anikatie, nitampa mwisho wa mwezi" maana yake huna bima. Na "nimempa fedha mkononi Ijumaa, akaahidi kuzipeleka Jumatatu" maana yake umeukaribisha moto wa Jumamosi. Lipa moja kwa moja kwa kampuni kwa namba ya malipo iliyotolewa, dai risiti ya kampuni, na kwa gari hakiki stika kwenye mfumo wa TIRA MIS kabla hujaondoka ofisini. Hata "bima ndogo", ile ya lazima inayowalipia watu wengine na wala si gari lako, inahakikiwa hapo.

Kwa upande wa vitabu vya wakala, ada ya mteja si mapato. Ada ikiwa milioni 4 na kamisheni, kwa mfano, asilimia 10, mapato yako ni 400,000. Ofisi inayoandika mauzo milioni 4 na gharama milioni 3.6 inapata faida ile ile, lakini imejivimbisha mauzo, na mauzo yaliyovimba yanaweza kukusukuma kwenye kiwango cha kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani bila sababu. Mhasibu kukosea hapa ni aibu, na hutokea.

Na wanaosema bima ni haramu?

Wako wengi, na si hoja ya kupuuzwa. Pingamizi lao ni tatu: riba katika uwekezaji wa kampuni, kutojulikana kwa kinachonunuliwa, na sura ya kamari. Jibu la soko ni takaful. Wachangiaji wanatoa michango kwa nia ya tabaruu, yaani kujitolea kusaidiana, ndani ya mfuko ambao ni wao. Kampuni inausimamia kwa ujira uliotajwa wazi, uwekezaji unaepuka riba, na bodi ya masheikh inaangalia utekelezaji. Ziada ikibaki baada ya madai, mkataba unasema igawiweje. ZIC ina huduma ya takaful. Ofisi ya Unguja au Pemba inayoingia uwakala bila ya kuwa na jibu la takaful itawapoteza wateja wengi kabla ya kikombe cha kwanza cha kahawa. Lakini kutoa fatwa si kazi ya mhasibu: eleza mfuko unavyofanya kazi, aliye na shaka aende kwa sheikh wake.

Dola 44 za mgeni haziilindi hoteli

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni kutoka nje anayeingia Zanzibar anatakiwa awe na bima ya safari ya ZIC, dola 44 za Marekani, kwa siku hadi 92. Wenye nyumba za wageni Nungwi na Paje wakasikia hivyo, wengine wakapumua: wageni wana bima. Bima hiyo ni ya mgeni, kwa dharura zake za safari kama matibabu. Akiteleza kwenye ngazi yako mbovu akavunja nyonga, kisha akadai kwamba uzembe ni wako, anayejibu ni wewe, na kinga yako ni bima ya dhima kwa umma. Wala haihusiani na paa la makuti, ambalo kampuni za moto hulitazama kwa jicho kali: kabla ya bei zitauliza umbali kutoka jikoni, mitungi ya gesi iko wapi, na maji ya kuzimia yanafikaje.

Kwa waagizaji bidhaa, tangu Januari 2018 mizigo inayoingia nchini inatakiwa kukatiwa bima kwa kampuni zilizosajiliwa hapa. Mhasibu ndiye anayeziona ankara za Dubai na Guangzhou, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kujua kama bei ina bima ya muuzaji ndani yake au haina. Asome pia bima inakoma wapi. Inayoishia bandari ya Dar es Salaam haikufikishi Wete, na kipande hicho cha mwisho cha bahari si kipande cha kubahatisha.

Je, inalipa?

Polepole. Tupige mfano. Ofisa wa bima 700,000 kwa mwezi ni milioni 8.4 kwa mwaka. Leseni, mafunzo, bima ya dhima, intaneti na nauli, tuseme milioni 3.6. Jumla milioni 12. Kamisheni ikiwa wastani wa asilimia 12, unahitaji ada za milioni 100 ili usipate wala usikose. Ofisi yenye wateja 80, theluthi yao, yaani 27, wakikubali kwa ada ya wastani milioni 1.2, inakusanya milioni 32.4 na kubakiwa na kamisheni isiyofika milioni 4. Pengo ni milioni 8. Ndiyo maana mwaka wa kwanza na wa pili usiajiri ofisa mpya: msomeshe mmoja uliye naye, afanye kazi hii siku mbili kwa wiki, na toza ada kwa kazi za ukadiriaji zisizohitaji kamisheni.

Kinachookoa ni mikataba inayohuishwa kila mwaka, na hapo ofisi ya mahesabu ina kalenda tayari. Mteja aliyelipa milioni 2.4 tarehe 1 Oktoba, mwisho wa Disemba vitabu vyake vinaonesha 600,000 kama gharama na milioni 1.8 kama bima iliyolipwa kabla. Akaunti hiyo ikikaribia sifuri, mkataba unakaribia kufa. Kumpigia siku 30 kabla, tena siku 7 kabla, ni huduma ambayo kompyuta yako inaweza kukukumbusha bure.

Limebaki moja dogo ambalo huharibu madai mengi mazuri. Daftari la stoo, ankara, na mkataba wenyewe wa bima hukaa dukani, kwenye droo ya kaunta. Duka linaungua pamoja na ushahidi wake. Ofisi iweke nakala kila mwisho wa mwezi: hesabu ya stoo iliyosainiwa, picha za rafu na za namba za mashine, ankara kubwa, nakala ya mkataba. Zihifadhiwe nje ya jengo la mteja, na kwenye bahasha ya juu iandikwe namba ya simu ya kupiga usiku huo huo, kabla kifusi hakijaguswa.